Hans Meyer: Mtu aliyesoma habari za barafu ya Kilimanjaro kwenye mawe

Hapa Ndalambo barafu tunayoijua ni ya kwenye friji, ile inayofungwa kwenye vifuko vya nailoni na kuuzwa kwa watoto wanapotoka shule. Mlima wenye barafu wengi wetu tumeuona kwenye picha za kalenda tu. Ndiyo maana kila tunapozungumzia Kilimanjaro hewani, swali linalorudi ni lile lile: barafu ilifikaje pale, karibu na ikweta, na inafanya kazi gani juu ya mlima?

Leo tunajibu kupitia maisha ya mtu mmoja, Hans Meyer. Tanzania anakumbukwa kama Mzungu wa kwanza kufika kilele cha Kibo. Habari zake ni zaidi ya hapo, na si zote za kujivunia.

Mtoto wa wachapishaji

Meyer alizaliwa Machi 22, 1858 katika mji wa Hildburghausen, Ujerumani. Ukoo wake ulikuwa na kampuni kubwa ya kuchapisha vitabu na kamusi elezo, iliyoanzishwa na babu yake. Kwa hiyo fedha za safari hazikumsumbua.

Mwaka 1887 alipanda Kibo kwa mara ya kwanza. Alifika kwenye ukingo wa barafu, akakuta ukuta asioweza kuupita, akarudi.

Mwaka 1888 alijaribu tena akiwa na Oscar Baumann, lakini hakufika mlimani. Wakati huo watu wa pwani walikuwa wameinuka dhidi ya kampuni ya Wajerumani iliyotaka kuwatawala, wakiongozwa na Bushiri bin Salim. Meyer na Baumann walikamatwa, wakafungwa minyororo, wakaachiwa baada ya fidia kulipwa. Bushiri mwenyewe alinyongwa na Wajerumani huko Pangani mwezi Desemba 1889.

Oktoba 1889

Safari ya tatu Meyer alijipanga vizuri zaidi. Alimchukua Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Austria aliyezoea milima ya barafu. Alipitia Marangu kwa Mangi Mareale, akaweka kambi kwa hatua, na wapagazi wakawa wanapandisha chakula kila baada ya siku kadhaa.

Kambi ya juu kabisa alibaki nao Muini Amani, mtu wa Pangani. Yeye ndiye aliyelinda vitu na kupika kwenye baridi ile siku nyingi, wakati wenzake wakipanda na kushuka. Hapa nchini anatajwa sana pia Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu kuwa alikuwa kiongozi wa njia.

Oktoba 3 Meyer na Purtscheller walikata ngazi kwenye barafu kwa shoka, wakafika ukingo wa kreta. Wakaona kilele chenyewe kiko mbele zaidi, na nguvu zimekwisha. Wakashuka. Oktoba 6, siku Purtscheller alipotimiza miaka 40, walisimama juu kabisa. Meyer akakipa kilele jina la mfalme wake, Wilhelm, akaokota jiwe na kwenda kumpa nusu yake. Likawekwa kwenye jumba la kifalme huko Potsdam.

Barafu huzaliwaje?

Meyer hakupanda kutafuta sifa peke yake. Alikuwa mwanajiografia, na alitaka kujua barafu ile inavyofanya kazi.

Juu sana theluji inayoanguka haiyeyuki yote. Inayofuata huilalia ya kwanza, na uzito huibana mpaka hewa inatoka na theluji inakuwa barafu ngumu. Ikishakuwa nene, huanza kuteleza polepole kufuata mteremko. Huo ndio mto wa barafu.

Mto huu hubeba mawe. Mengine huangukia juu yake, mengine huyang'oa chini. Yale ya chini hukwaruza mwamba kama msasa na kuacha michirizi. Barafu inapofika penye joto huyeyuka, na mzigo wote hushushwa hapo hapo.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Mto wetu wa Momba, ukielekea Ziwa Rukwa, huchambua mzigo wake: kokoto hubaki mahali, mchanga husogea, tope huenda mbali. Barafu haichambui. Jiwe kubwa kama nyumba na vumbi laini kama unga huachwa pamoja. Rundo hilo huwa tuta, na wanajiolojia huliita moreni.

Mwaka 1898 Meyer alirudi Kilimanjaro. Aliona barafu imepungua ndani ya miaka tisa tu. Aliona pia matuta na mikwaruzo chini sana ya mahali barafu ya siku zile ilipoishia. Akatambua kwamba zamani barafu ilishuka mbali zaidi, na kwamba hata Afrika ya joto ilipitia zama za barafu. Mwaka 1903 alikwenda Ekuado kuchunguza jambo hilo hilo kwenye milima ya huko.

Kilichobaki

Baadaye Meyer alikuwa profesa wa jiografia ya makoloni mjini Leipzig. Aliamini katika ukoloni na aliutumikia. Alinunua pia sanaa za Benin zilizoporwa na Waingereza mwaka 1897. Alifariki Julai 5, 1929.

Jina alilokipa kilele halipo tena. Tangu nchi yetu ijitawale kinaitwa Uhuru. Barafu nayo inakwisha. Mwaka 1912 ilifunika kama kilomita za mraba 12; kufikia 2011 zilibaki chini ya mbili. Hewa ya mlimani ilianza kuwa kavu mwishoni mwa karne ya 19, na sasa joto la dunia limeongezeka. Tuseme pia jambo linalokosewa mara nyingi: maji mengi ya mito ya Kilimanjaro hutokana na mvua ya msituni, si barafu. Anayekata msitu anagusa maji moja kwa moja.

Na sisi wa kusini tusijione tuko mbali na habari hii. Katika bonde la Ruhuhu, chini ya tabaka za makaa ya mawe, kuna miamba yenye mawe yaliyochanganyika, iliyoachwa na barafu takribani miaka milioni 300 iliyopita. Barafu yenyewe iliondoka kabla hajatokea mtu wa kuishuhudia. Ile ya Kibo inaondoka tukiitazama, na siku ikiisha, watakaotaka kujua ilifika wapi watalazimika kuuliza mawe, kama alivyofanya Meyer.