Lord Delamere alitutaka na sisi

Huku Mbeya na Iringa tunawajua Karl Peters na Chifu Mkwawa, lakini ukitaja Lord Delamere utaambiwa huyo ni habari ya Kenya. Sivyo. Nyanda zetu hizi nazo alizitaka.

Jina lake ni Hugh Cholmondeley. Alizaliwa Uingereza mwaka 1870, akarithi cheo cha ulodi akiwa na miaka 17. Alipenda kuwinda, akaenda Usomalini, na huko simba alimkamata mguu. Aliyemrukia simba yule mpaka bwana akapata bunduki yake ni Msomali, Abdullah Ashur. Delamere alichechemea maisha yake yote, lakini aliishi. Ni mara ngapi umesikia jina la huyo Abdullah?

Kenya alipewa na serikali ya kikoloni ekari 100,000 huko Njoro. Ngano ikaliwa na kutu, mifugo ikafa, akakopa, akaanza upya. Uchapakazi wake siukatai. Ninachouliza ni ardhi ile ilikuwa ya nani.

Katika Baraza la Kutunga Sheria akawa kiongozi wa walowezi. Mwaka 1923 London ilipotamka kuwa Kenya maslahi ya Waafrika ndiyo yatangulie, alitazama kusini. Oktoba 1925 akawakutanisha Tukuyu, hapa hapa Rungwe, walowezi wa Kenya, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Shabaha ilikuwa nchi hizi ziungane na Wazungu ndio washike usukani, na nyanda za Iringa na Mbeya zijae mashamba yao yaunganishe kaskazini na kusini. Wanyakyusa, wenye Tukuyu yao, hawakuwa na kiti katika mkutano ule.

Bahati njema Tanganyika haikuwa koloni. Uingereza ilikabidhiwa kwa dhamana na Shirikisho la Mataifa, na Gavana Donald Cameron aliing'ang'ania hoja hiyo dhidi ya muungano. (Simsifu, naye alikuwa mtawala wa kikoloni.) Mwaka 1931 kamati ya Bunge la Uingereza ikaukataa muungano. Novemba mwaka huo huo Delamere akafa, akiacha madeni makubwa benki.

Nairobi walimsimamishia sanamu katika barabara yenye jina lake. Baada ya uhuru barabara ikaitwa Kenyatta, na sanamu ikapelekwa Soysambu, kwenye shamba la familia yake.