Adam Sedgwick na Jivu Lililolala Baharini

Katika jiografia kuna ile orodha ya nyakati za dunia tunayoikariri kama kasuku: Kambria, Ordovisi, Siluri, Devoni na kuendelea. Majina hayo hayakushuka kutoka mbinguni. Kuna marafiki wawili waliogombana kwa ajili yake mpaka kaburini, na mmoja wao ndiye nitakayemweleza hapa.

Adam Sedgwick alizaliwa tarehe 22 Machi 1785 katika kijiji cha Dent, kaskazini mwa Uingereza. Babake alikuwa padri wa Anglikana. Kijana alisomea hisabati Chuo Kikuu cha Cambridge, naye akapewa ushemasi mwaka wa 1817. Mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa profesa wa jiolojia, ilhali somo lenyewe alikuwa halijui sana! Tena cheo kilikuwa na sharti: profesa asiwe na mke. Sedgwick alikishika miaka 55 na hakuoa. Elimu iliyompungukia aliitafuta kwa miguu, nyundo mkononi, akipanda na kushuka milima.

Mwezi wa Agosti 1831 alielekea kaskazini mwa Wales, akamchukua mwanafunzi wa miaka 22 amfundishe kusoma miamba. Mwanafunzi huyo ni nani? Charles Darwin! Kabla mwaka haujaisha Darwin alikuwa melini, safarini kuizunguka dunia. Miaka mingi baadaye, mwaka wa 1859, Darwin alipotoa kitabu chake kuhusu asili ya viumbe, mwalimu wake alikipinga vikali.

Sasa tuje kwenye milima yenyewe. Mkubwa wao ni Snowdon, ambao Wawelsh wauita Yr Wyddfa, mita 1,085. Karibu na kilele kuna makombe ya wanyama wa baharini, na yamo ndani ya jivu la volkano. Ajabu, sivyo? Miaka kama milioni 450 iliyopita mahali pale palikuwa bahari. Volkano zililipuka, jivu la moto likichanganyika na gesi likaporomoka kwa kasi na kuingia majini, likatua juu ya matope. Mawimbi yakalichanganya na makombe. Kisha matope mengine yakaja juu, halafu jivu tena. Baadaye sana ardhi ikakunjwa na kuinuliwa. Matope yale ndiyo leo mawe meusi yanayopasuka kama mbao, ambayo wenyeji huezekea nyumba. Sedgwick alitambua kwamba miamba ya moto na ya maji imepangana kwa zamu, yaani volkano zilifanya kazi bahari ikiwa bado ipo. Kuipanga miamba kama hiyo, iliyopindwapindwa, si mchezo.

Rafiki yake Roderick Murchison, aliyekuwa askari zamani, alianza kazi kutoka upande wa kusini, ambako makombe ni mengi na kazi ni nyepesi kidogo. Mwaka wa 1835 walitangaza majina pamoja: Kambria ya Sedgwick, Siluri ya Murchison. Mwaka wa 1839 wakaongeza Devoni. Lakini kumbe mipaka yao ilipandana! Murchison akadai sehemu ya juu ya Kambria ni yake, kwa kuwa makombe yanafanana. Mwaka wa 1855 akawa mkuu wa idara ya serikali ya kupima miamba, na ramani zikafuata neno lake. Kwa maoni yangu hapo Sedgwick alionewa, maana yeye ndiye aliyetoka jasho juu ya miamba ile migumu. Akakasirika, akajitenga na wenzake wa London.

Murchison alifariki mwaka wa 1871, naye Sedgwick akamfuata tarehe 27 Januari 1873, akiwa na miaka 87. Ugomvi ukabaki.

Aliyewaamua ni mwalimu wa shule tu, Charles Lapworth. Mwaka wa 1879 alisema sehemu iliyogombaniwa isiwe ya huyu wala ya yule, akaiita Ordovisi kwa jina la kabila la kale la Wales. Jivu la Snowdon na makombe yake limo humo.