Nikolai Vavilov: Mlinzi wa Mbegu

Nikolai Vavilov, mtaalamu wa mimea, alizaliwa Moscow, Urusi, mwaka 1887. Aliona kuwa zao huwa na aina nyingi pale lilipolimwa tangu kale, na katika aina hizo hupatikana zinazostahimili ukame na magonjwa. Mwaka 1927 alikusanya ngano na shayiri Ethiopia. Baadaye akafuata mahindi Mexico na viazi Peru. Alipompinga Lysenko, kipenzi cha Stalin aliyeikana elimu ya jeni, alikamatwa mwaka 1940. Alifariki gerezani Saratov mwaka 1943, amedhoofu kwa njaa. Leningrad ilipozingirwa, baadhi ya wenzake walikufa njaa wakilinda mbegu hizo, hawakuzila. Ndugu mwanafunzi, elimu ni amana. Wewe umekabidhiwa ipi?