Aliyepima Maili Kumi za Mwambao Hana Kaburi

Sisi tunaokaa Mishomoroni, pamoja na wenzetu wa Likoni, Changamwe na Kisauni nzima, neno maili kumi twalijua tangu utotoni. Ikitajwa hati ya shamba, au akitajwa tajiri anayedai ardhi ambayo hajawahi kulala hata usiku mmoja, maili kumi hazikosi kuingia katika mazungumzo. Lakini ukiuliza barazani ni nani waliotumwa kuja kuzipima, wengi hunyamaza. Mmoja wao alikuwa Herbert Kitchener. Leo nataka kuyaeleza maisha yake na mahali alipoishia, kwa sababu pale alipo pana funzo kwetu.

Kitchener alizaliwa tarehe 24 Juni 1850 huko Kerry, Ireland. Alisomea uhandisi wa kijeshi Woolwich, na kazi yake ya mwanzo haikuwa ya bunduki. Ilikuwa ya kupima ardhi na kuchora ramani, kwanza Palestina, kisha kisiwa cha Cyprus. Huko ndiko alikojifunza Kiarabu, na Kiarabu hicho kikamfungulia mlango wa Misri na Sudan.

Mwishoni mwa 1885 akatumwa Unguja. Wajerumani walikuwa wameshaanza kukusanya mikataba ya machifu wa bara, na Sayyid Barghash akilalamika kwamba nchi yake inaliwa. Ikaundwa tume ya wajumbe watatu, Mwingereza, Mjerumani na Mfaransa, na Mwingereza ndiye Kitchener. Barghash, mwenye pwani, hakupewa nafasi ya kuamua. Wakapita mji kwa mji wakiuliza mamlaka ya Sultani yanafika wapi. Kitchener aliona yanafika mbali ndani ya bara, lakini Mjerumani alishikilia kwamba ni ya ufukweni tu. London wakati ule ilitaka urafiki na Berlin kuliko ilivyotaka haki ya Barghash, na Kitchener akaambiwa alegeze. Kufikia Novemba 1886 mambo yakaamuliwa Ulaya: Sultani abaki na visiwa, na ukanda wa maili kumi kutoka Tungi upande wa kusini hadi Kipini.

Mengine mwayajua. Mwaka 1895 ukanda wetu ukawekwa chini ya Waingereza kwa kodi ya kila mwaka. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi. Mwenye karatasi akaandikwa, na asiyejua kwamba kuna karatasi ya kuombwa, shamba lake likahesabiwa kuwa la Serikali ya Mfalme. Mwaka 1963 ukanda ukaunganishwa rasmi na Kenya, na hati zile za zamani zikabaki na nguvu zake. Ndiyo maana leo mtu wa Mishomoroni aweza kuzaliwa, kuoa na kuzeeka juu ya kiwanja ambacho kwa karatasi si chake.

Kitchener hakukaa sana kwetu. Alirudi kaskazini, na mwaka 1892 akawa mkuu wa jeshi la Misri. Tarehe 2 Septemba 1898, huko Omdurman, bunduki zake za rasharasha ziliwaua Waislamu wa Sudan zaidi ya 10,000 katika asubuhi moja. Upande wake walikufa watu wasiofika 50. Baada ya vita akaamuru kaburi la Muhammad Ahmad, yule Mahdi, libomolewe. Maiti yake iliyokuwa imelala miaka 13 ikafukuliwa, mifupa ikatupwa katika mto Nile, na fuvu likabakizwa. Hata Malkia Victoria alichukizwa, na mwisho fuvu likazikwa kimyakimya Wadi Halfa. Unaweza kuyakubali madai ya Mahdi au usiyakubali, hilo ni jambo jingine. Katika dini yetu mfupa wa maiti una heshima ya mfupa wa aliye hai.

Akaenda Afrika Kusini kupigana na Makaburu, na katika kambi alizofungia raia wakafa kwa maelfu, wanawake na watoto, weupe kwa weusi. Akaenda India, akarudi Misri, na mwaka 1914 akawa Waziri wa Vita wa Uingereza. Picha yake yenye kidole kilichonyooshwa ikabandikwa kila ukuta kuwaita vijana jeshini.

Jioni ya tarehe 5 Juni 1916 alipanda manowari Hampshire katika visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Scotland, akielekea Urusi. Kulikuwa na dhoruba kali, na manowari mbili ndogo zilizokuwa zikiisindikiza zikashindwa na mawimbi, zikarudishwa. Muda mfupi baadaye Hampshire ikagonga bomu la baharini lililotegwa na nyambizi ya Kijerumani. Ilizama kwa muda wa robo saa hivi. Walikufa watu 737, wakaokoka 12 tu. Maiti ya Kitchener haikupatikana mpaka leo.

Manowari ile imelala kifudifudi, kina cha zaidi ya mita 60, yaani pima kama 35 kwa hesabu ya wavuvi wetu. Wapiga mbizi wetu huteremka kuitazama meli ya Dania, iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 mbele ya Bamburi, na wengine waliwahi kufanya kazi kwenye jahazi la vita la Wareno lililozama mbele ya Ngome mwaka 1697. Hayo ni maji ya vuguvugu na kina cha wastani. Kule Orkney hata mwezi wa Juni maji ni ya baridi kiasi cha kumuua mtu asiye na vazi maalumu lisilopitisha maji. Katika kina kile uzito wa maji ni mara saba ya hewa tuivutayo juu. Hewa ya kawaida kwenye mtungi humlewesha mtu kama pombe, kwa hiyo huchanganywa na heli. Na ukikaa chini dakika 20, kupanda kwaweza kukuchukua saa nzima, kituo kwa kituo, la sivyo damu hutoa mapovu na ukapooza au ukafa.

Pamoja na hayo yote, wapo waliofika. Mwaka 1983 watu walikwenda kuchukua vitu, na hata rafadha ya manowari wakaing'oa. Wakazuiwa, na rafadha ikarudishwa Orkney. Tangu 2002 sheria ya Uingereza yakataza mtu yeyote kupiga mbizi pale bila kibali cha serikali, kwa sababu ni kaburi. Na mwaka 2016, miaka 100 baada ya mkasa, ukajengwa ukuta juu ya jabali la Marwick Head wenye majina ya wote waliokufa, hata wale wachochea makaa.

Sina kinyongo na hilo. Baharia masikini aliyekufa pale astahili heshima yake. Nasema tu kwamba wenzetu wameweza kulilinda kaburi lililo chini ya pima 35, wakati sisi tumeshindwa kuyalinda yaliyo juu ya ardhi. Bibi yangu mzaa mama amezikwa hapa Mishomoroni chini ya mwembe. Kiwanja kile kimeuzwa mara mbili. Sasa kina ukuta na geti, mwembe umekatwa, na sisi twasoma dua tukiwa nje barabarani. Najua si mimi peke yangu.

Sheria yetu ya turathi ya 2006 hulinda magofu yaliyotangazwa rasmi. Kaburi la bibi yako halimo. Kwa hiyo tusingoje. Kila msikiti wa mtaa uwe na daftari: jina la maiti, mwaka aliozikwa, mahali, mashahidi wawili, na picha. Wazee wanaokumbuka wapo, lakini hawatakuwapo daima. Mwaka 1908 tulipokonywa kwa kukosa karatasi. Ardhi twaweza kuendelea kuidai mahakamani, lakini kaburi likishafukuliwa, hakuna jaji wa kulirudisha.