Abubakar Tafawa Balewa: Mpatanishi Aliyeuawa Ndani ya Ramadhani



Kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, wengi wetu tunafikiria itikafu, kisimamo cha usiku na nguo za Idi za watoto. Leo nakuomba ukae kidogo baada ya futari, na familia ikiwa karibu, tumkumbuke Mwislamu mmoja aliyetolewa nyumbani kwake na watu wenye bunduki katika kumi hilo hilo la mwisho, Ramadhani ya mwaka 1385 Hijria, yaani Januari 1966. Hakuwa jambazi wala mhaini. Alikuwa waziri mkuu wa nchi yenye watu wengi kuliko zote Afrika. Jina lake ni Alhaji Sir Abubakar Tafawa Balewa wa Nigeria.

Huenda jina umelisikia tu. Vijana wetu wanawajua wachezaji mpira wa Nigeria mmoja mmoja, na filamu za Nigeria wanaziangalia mpaka karibu na daku, lakini ukiwauliza Balewa ni nani wanatazamana. Si kosa lao, hakuna aliyewaambia. Basi tuanze mwanzo.

MTOTO WA BAUCHI

Abubakar alizaliwa Desemba 1912 katika mji mdogo wa Tafawa Balewa, jimbo la Bauchi, kaskazini mwa Nigeria. Jina la mji ndilo likawa jina lake. Hakuwa mtoto wa amiri. Na huko kaskazini wakati ule, ukoo ulikuwa na uzito kweli kweli. Alianza na chuo cha Qurani kama sisi tulivyoanza, kisha akapelekwa shule, na baadaye akaingia chuo cha walimu cha Katsina, ambacho ndicho kilichowatoa viongozi wengi wa kaskazini. Mwaka 1933 akarudi Bauchi kufundisha, na akapanda mpaka akawa mwalimu mkuu.

Ndugu yangu, usimdharau mwalimu. Mwalimu huyu kijana alitunga kitabu kwa Kihausa, Shaihu Umar, kilichotoka mwaka 1934. Ni kisa cha mtoto anayetekwa, akavushwa jangwa mpaka Misri, akalelewa huko akawa mwanachuoni, huku mama yake akihangaika kumtafuta. Mpaka leo kinahesabiwa miongoni mwa vitabu vya kwanza vya hadithi katika lugha hiyo. Kisha mwaka 1945 akaenda London kusomea ualimu zaidi, na aliporudi akafanywa mkaguzi wa shule.

KUTOKA DARASANI MPAKA IKULU

Mwaka 1947 aliingia baraza la kutunga sheria la Nigeria nzima. Na hapa lazima niseme kweli, kwa sababu maisha ya mtu hayasimuliwi kwa sifa tupu. Balewa wa wakati ule hakuamini Nigeria moja. Mwaka 1948 alisema waziwazi barazani kwamba umoja wa nchi hiyo ni jambo la Waingereza tu, wananchi wenyewe hawana habari nao. Kaskazini kwenye Waislamu wengi, mashariki ya Waigbo na magharibi ya Wayoruba, kila upande uliogopa kumezwa na mwenzake.

Lakini mtu mzima hubadilika akiona sababu. Mwaka 1955, akiwa waziri wa uchukuzi, alizuru Marekani kuangalia usafiri wa mitoni. Aliwaona watu waliotoka nchi tofauti tofauti wakijiita taifa moja, na baadaye mwenyewe akaeleza kwamba safari ile ilimbadilisha mawazo. Alipofanywa waziri mkuu mwaka 1957, aliwaingiza serikalini hata wapinzani wake. Tarehe 1 Oktoba 1960 Nigeria ikapata uhuru, na mwalimu wa Bauchi ndiye aliyeiongoza serikali yake.

Kitu kimoja ukifahamu. Kiongozi wa chama chake cha Northern People's Congress hakuwa yeye, alikuwa Sardauna wa Sokoto, Sir Ahmadu Bello, wa uzao wa Sheikh Uthman dan Fodio. Sardauna alichagua kubaki Kaduna kuitawala kaskazini, na kule Lagos akamtuma Balewa. Kwa hivyo waziri mkuu wa nchi alikuwa na mkubwa wake nje ya ikulu. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

BOMU LA WAFARANSA NA AFRIKA MBILI

Uhuru haukuwa na miezi mitatu, Ufaransa ikalipua bomu la atomiki katika jangwa la Sahara, kule Reggane, Aljeria. Lilikuwa la tatu ndani ya mwaka mmoja. Balewa alikuwa mtu mpole mno, wengine wakimwita kibaraka wa Waingereza kwa vile alikubali mkataba wa ulinzi nao, mpaka wanafunzi wakaandamana hadi bungeni Lagos mwezi Novemba 1960. Sasa mpole huyo akasimama. Januari 1961 Nigeria ilikata uhusiano na Ufaransa, balozi akapewa saa 48 aondoke, na meli na ndege za Kifaransa zikafungiwa bandari na viwanja. Ule mkataba wa ulinzi nao ukavunjwa Januari 1962.

Miaka hiyo Afrika ilikuwa imegawanyika kambi mbili. Kambi ya Casablanca ilikuwa na Nkrumah wa Ghana, Nasser wa Misri, Sékou Touré wa Guinea, Modibo Keita wa Mali, Moroko na wapigania uhuru wa Aljeria. Hawa walitaka mambo yaende haraka, na Nkrumah alitaka serikali moja ya Afrika nzima. Kambi ya pili iliitwa Monrovia, kwa mkutano uliofanyika huko Liberia mwezi Mei 1961, na Balewa alikuwa nguzo yake. Yeye alisema twende hatua kwa hatua: tuanze na biashara, barabara, elimu, tujuane kwanza.

Vijana wengi, hata leo, roho zao ziko kwa Nkrumah. Mimi pia nikiwa shule nilikuwa hivyo. Lakini hebu fikiria. Nchi nyingi zilikuwa hazijamaliza hata miaka mitatu ya uhuru, na kila moja ina bendera mpya, jeshi dogo na majirani inaowaogopa. Mei 1963 kambi zote mbili zilikutana Addis Ababa kwa Mfalme Haile Selassie, na tarehe 25 Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ukazaliwa. Mkataba uliotiwa sahihi ulikuwa karibu zaidi na mawazo ya akina Balewa: kila nchi ni sawa na mwenzake, mipaka iheshimiwe, na hakuna kuingilia mambo ya ndani ya jirani. Nalo sharti la mwisho lilikuwa na uchungu wake, kama utakavyoona.

ALIVYOTUFIKIA SISI

Usidhani hii ni hadithi ya mbali, ya Afrika Magharibi peke yake. Januari 1964 askari wa Tanganyika waliasi, na Mwalimu Nyerere akalazimika kuwaita Waingereza, jambo lililomuuma. Waingereza walipoondoka, nani alikuja kulinda mpaka Tanganyika iunde jeshi jipya? Kikosi cha Nigeria, kilichofika mwezi Aprili na kukaa miezi kadhaa. Mwafrika akalindwa na Mwafrika mwenzake.

Na sisi Kenya pia. Februari 1964 mawaziri wa OAU walikutana Lagos, na mgogoro wa mpaka kati ya Kenya na Somalia ulikuwa mezani, wakati ndugu zetu wa kaskazini mashariki walikuwa wanakufa. Kule Kongo nako, wanajeshi wa Nigeria walikuwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa tangu 1960. Kila palipowaka moto, Balewa alitumwa au alituma maji.

MOTO NYUMBANI KWAKE

Sasa tufike pale panapouma, ndugu msomaji. Aliyezima moto wa wengine alishindwa kuuzima wa nyumbani.

Mwaka 1962 viongozi wa jimbo la Magharibi waligombana, Awolowo upande huu na Akintola upande ule, hata viti vikarushwa barazani. Balewa hakusita, alitangaza hali ya hatari na serikali yake ikalishika jimbo. Awolowo, aliyekuwa kiongozi wa upinzani, akafungwa mwaka uliofuata kwa kesi ya uhaini. Kisha Oktoba 1965 jimbo hilo likafanya uchaguzi ambao kila mtu aliona umeibwa. Aliyetangazwa mshindi ni Akintola, na Akintola sasa alikuwa rafiki wa chama cha Sardauna. Watu walimiminiwa petroli na kuchomwa moto, nyumba zikateketezwa. Safari hii hali ya hatari haikutangazwa. Waziri mkuu akasubiri.

Kwa nini alisubiri? Wanaomtetea wanasema mikono yake ilifungwa na chama na sheria. Wanaomlaumu wanauliza, mbona mwaka 1962 mikono haikufungwa? Mimi naona swali hilo halikwepeki. Upole ni sifa njema, lakini anayedhulumiwa hasubiri upole, anasubiri haki. Hakimu akifanya haraka kwa adui na polepole kwa rafiki, watu wataona tu.

Na huku nyumbani panawaka, ulimwengu ulikuwa unamhitaji. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, walijitangazia uhuru wao wa Wazungu wachache. Tanzania na Ghana zikakata uhusiano na Uingereza kwa hasira. Balewa aliita viongozi wa Jumuiya ya Madola Lagos tarehe 11 na 12 Januari 1966, mkutano wa kwanza wa aina hiyo kufanyika nje ya London. Alikuwa amefunga, na mbele yake waziri mkuu wa Uingereza, Harold Wilson, akibanwa aeleze atawafanya nini waasi wale. Wageni wakaagana, wakapanda ndege.

USIKU WA KUAMKIA JUMAMOSI

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 15 Januari, maafisa vijana wa jeshi walipindua serikali. Kaduna walimuua Sardauna nyumbani kwake. Ibadan walimuua Akintola. Lagos walimchukua waziri wa fedha, Okotie-Eboh, na Balewa, wakaondoka nao gizani. Kwa siku kadhaa nchi nzima ikauliza waziri mkuu yuko wapi. Mwili wake ukaja kupatikana kando ya barabara ya kwenda Abeokuta, ukapelekwa Bauchi, ukazikwa. Idi ya mwaka ule ilikuja nyumba ile ikiwa na msiba. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Wapo walioshangilia barabarani, wakidhani rushwa na wizi wa kura vimekwisha. Hawakujua walichokifungulia mlango. Kwa kuwa wengi wa waliopindua walikuwa Waigbo na wengi wa viongozi waliouawa walikuwa wa kaskazini, kisasi kikafuata. Julai 1966 mapinduzi mengine, kisha maelfu ya Waigbo wasio na hatia wakachinjwa kaskazini, wakiwemo watoto na wanawake. Hilo nalo tuliseme bila kuficha, kwa sababu miongoni mwa waliofanya walikuwamo Waislamu, na dhuluma ni dhuluma. Mashariki ikajitenga kwa jina la Biafra, vita vikaanza Julai 1967, na makadirio mengi yanasema waliokufa kwa risasi na njaa ni milioni moja au zaidi. Nchi za Afrika zikagawanyika tena, Tanzania ikaitambua Biafra mwaka 1968, lakini OAU kwa jumla ikashikilia kwamba hayo ni mambo ya ndani na Nigeria isigawanywe. Lile sharti la Addis Ababa. Vita vilimalizika rasmi tarehe 15 Januari 1970, miaka minne kamili tangu usiku ule.

TUNACHOBAKI NACHO

Ndugu kijana, ukifika Bauchi utalikuta kaburi lake, na chuo kikuu chenye jina lake. OAU yenyewe ilivunjwa mwaka 2002, ikaja Umoja wa Afrika, na mkataba wake mpya unaruhusu kuingilia nchi palipo na mauaji ya halaiki. Afrika ilijifunza kwa damu kwamba jirani akichinjana hufungi mlango. Sisi Wakenya tuliyaona matunda yake mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kofi Annan alipokuja kwa niaba ya Umoja wa Afrika kutuketisha chini, mapanga yakiwa hayajakauka.

Lakini mpatanishi wa kutoka nje huja watu wameshakufa. Kwanza ni haki ya nyumbani. Wewe ukiwa kiongozi wa jumuiya yenu ya vijana, au mwenyekiti wa kamati ya msikiti, au mzazi mwenye watoto wanaogombana, jiulize swali ambalo Balewa alikutana nalo mwaka 1965: huyu aliyekosa ni rafiki yangu, je, nitamhukumu sawa na nilivyomhukumu adui yangu? Kura ukihesabu, hesabu kwa amana, hata kama ni ya kumchagua mweka hazina.

Mwenyezi Mungu amrehemu mwalimu wa Bauchi, amsamehe alipopungukiwa, amlipe kwa mema aliyoyafanya, na atupe sisi upole wenye haki ndani yake. Amin.

Ramadhan Karim.