Buster Keaton: Mcheshi Asiyecheka

Mwanafunzi, unapoulizwa kuhusu ucheshi katika tamthilia, bila shaka utakimbilia maneno: kejeli, chuku, majibizano. Hebu mtazame kwanza mtu aliyewavunja watu mbavu bila kusema neno wala kutabasamu.

Buster Keaton alizaliwa mwaka wa 1895 huko Piqua, jimbo la Kansas, Marekani. Wazazi wake walikuwa waigizaji wa jukwaani, nao walimwingiza katika mchezo wao angali mdogo sana. Babake alimrusha huku na huku kama gunia. Mtoto akaanguka, akainuka. Watetezi wa watoto walilalamika, na haki walikuwa nayo. Lakini ni hapo alipoing'amua siri ya kazi yake: akicheka yeye, hadhira hunyamaza, akikaza uso, hadhira huangua kicheko.

Mwaka wa 1917 alijiunga na Roscoe Arbuckle katika filamu, ambazo wakati huo hazikuwa na sauti. Punde akawa na studio yake. Zingatia anavyojenga taharuki katika Steamboat Bill, Jr. (1928). Dhoruba inauangusha ukuta mzima wa nyumba juu yake, naye ananusurika kwa kuwa amesimama hasa mahali ambapo dirisha lililo wazi linatua. Ukuta huo ulikuwa mzito kweli, na aliyesimama pale ni yeye mwenyewe. Angekosea hatua moja, angepondwa. Miaka michache awali, akitengeneza Sherlock Jr., maji ya tangi la reli yalimwangusha, akavunjika mfupa wa shingo. Aliendelea kufanya kazi. Daktari aliligundua jeraha hilo miaka mingi baadaye.

Kinaya cha maisha yake kiko hapa: mtu ambaye ukuta haukumweza, aliangushwa na karatasi. Mwaka wa 1928 alitia sahihi mkataba na kampuni ya MGM. Mshahara ulikuwa mnono, ila uamuzi ukamtoka mikononi. Wengine wakaamua aigize nini na vipi. Filamu zake za sauti zilileta fedha, lakini yeye hakuzipenda. Akazama katika ulevi, ndoa yake ikavunjika mwaka wa 1932, na mwaka uliofuata akafutwa kazi. Baadaye alirudi MGM kwa malipo madogo, kuwabunia wenzake vichekesho.

Runinga ndiyo iliyomfufua. Mwaka wa 1949 alianza kipindi chake mwenyewe Los Angeles, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa enzi za filamu bubu wakamjua. Mwaka wa 1960 alitunukiwa Oscar ya heshima.

Aliaga dunia Februari 1966 kwa saratani ya mapafu. Mwaka huo huo ikatoka A Funny Thing Happened on the Way to the Forum, ambamo yeye ni mzee asiyeona vizuri, anayekimbia kuvizunguka vilima saba vya Roma. Uso ni ule ule.