Sayyid Said: Mtawala aliyedhibiti baruti ya Zanzibar

Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar aliyefariki dunia mwaka 1856, hukumbukwa zaidi kwa karafuu. Lakini nguvu zake zilitegemea pia uamuzi wa nani auziwe silaha na nani anyimwe.

Septemba 21, 1833, mjini Maskati, alifunga mkataba wa biashara na Marekani. Wamarekani waliruhusiwa kuuza bunduki, baruti na risasi katika bandari zake, ikiwemo pwani ya Oman yenye miji kama Qurayyat. Kisiwani Zanzibar, hata hivyo, mnunuzi alikuwa serikali peke yake. Wakati huo Sayyid Said alikuwa katika uhasama na Wamazrui wa Mombasa, na baruti ya Zanzibar ingeweza kuwafikia kwa urahisi.

Mombasa ilisalimu amri mwaka 1837. Mwaka 1840 meli yake, Sultana, ilitia nanga New York ikiongozwa na Ahmad bin Naaman, ikarejea na zawadi za serikali ya Marekani, zikiwemo bastola za Samuel Colt, zilizofyatua risasi kadhaa bila kujazwa upya.

Sayyid Said alifia baharini, akitoka Oman kwenda Zanzibar. Mwaka 1861 milki aliyoilinda kwa baruti iligawanywa baina ya wanawe.